Nisimame wapi kupiga picha za ndege hapa Dodoma?

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, naishi na wazazi Nkuhungu. Mwaka huu nimenunua kamera ya Canon ya mtumba pamoja na lenzi ya milimita 55 hadi 250. Ndege nazipenda tangu utotoni. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kusimama karibu na uzio wa uwanja wa ndege, nikapiga picha tatu tu, mlinzi akaja akanifukuza, akasema nikirudi ananipeleka polisi. Picha moja nimekutumia uione. Naomba unielekeze ni wapi panafaa kusimama ili nipige picha ndege zikitua bila usumbufu. Na je, nikusanye hela ninunue lenzi ya 600?"

Marahaba, mdogo wangu. Picha yako nimeiangalia vizuri na nitairudia huko mbele, maana ina jambo la kujifunza. Lakini tuanze na mlinzi. Kwa Dodoma, swali la pa kusimama haliwezi kujibiwa ukimweka yeye pembeni.

Yule mlinzi hakukuonea. Uwanja wa ndege si sawa na stendi au soko la Majengo, ambako mtu anaingia na kutoka anavyotaka. Tunayo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayoyalinda maeneo nyeti, na anayekutwa akipiga picha au kuchora maeneo ya namna hiyo bila idhini anaweza kufunguliwa kesi. Halafu hapa ni makao makuu ya nchi. Njia ileile inayopokea ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ndiyo inayopokea viongozi wakuu, na uwanja wenyewe umekaa mjini kabisa, kaskazini kidogo ya kituo cha reli ya zamani. Mlinzi akiona kijana kasimama peke yake, lenzi imepenya kwenye matundu ya waya, atajuaje kwamba wewe ni mpenzi wa ndege tu? Kazi yake ni kukuuliza. Akikuachia siku hiyo, anayeulizwa kesho ni yeye.

Na si kwetu tu. Novemba 2001 huko Kalamata, Ugiriki, wapenzi wa ndege 12 kutoka Uingereza na wawili kutoka Uholanzi walikamatwa kwenye kituo cha jeshi la anga, tena siku ya maonesho ambayo watu walikuwa wamekaribishwa. Kilichowaponza zaidi ni madaftari yao ya namba za ndege, maana kule hakuna aliyeelewa kwa nini mtu mzima aandike namba za mkiani mwa ndege kwa raha yake. Walitiwa hatiani Aprili 2002, na ni rufaa ya Novemba mwaka huohuo iliyowasafisha. Mwaka mzima wa maisha yao ulikwenda hivyo.

Mimi mwenyewe yalinipata nikiwa na umri kama wako, kwenye uwanja mmoja mdogo wa mkoani. Niliona uzio, nikaona na kichaka cha minyaa, nikajibanza humo ili mlinzi asinione. Waliponikuta niliwekwa chini kwenye kibanda chao kuanzia saa kumi jioni hadi giza likaingia, kadi ya kumbukumbu ikachukuliwa na picha zangu zote zikaenda nayo, zikiwemo za harusi ya binamu yangu. Nilikaa siku nyingi nikiwalaumu, hadi nikaelewa kwamba kamera haikuniponza. Kilichoniponza ni kile kichaka. Tangu hapo nina kanuni moja ambayo sijaivunja: sitafuti pa kujificha, natafuta pa kuonekana. Mahali pazuri pa kupigia picha za ndege ni pale ambapo watu wa mtaa wanakuona, wanakufahamu, na wanaweza kukusemea.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta pembe ya jua, nenda kamwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa unaotaka kupigia. Jieleze, onesha kitambulisho cha chuo na cha NIDA, onesha na picha zako kwenye simu. Omba barua ya utambulisho. Hiyo barua haikupi ruhusa ya kupiga picha uwanja wenyewe, usije ukaitumia hivyo. Inasema tu wewe ni nani na unafanya nini hapo mtaani. Ukitaka kupiga picha ukiwa ndani ya eneo la uwanja, iwe kwenye maegesho au karibu na jengo la abiria, andika barua kwa meneja wa uwanja chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Andika mapema, taja siku na saa, taja utapiga nini na picha zitakwenda wapi. Wakikataa, shukuru na uondoke. Barua iliyokataliwa leo kwa heshima huwa inakumbukwa vizuri mwakani.

Kuna vitu usivielekezee lenzi hata ukiwa na barua kumi: ndege za Serikali na za jeshi, misafara, mnara wa kuongozea ndege, sehemu za ukaguzi, na walinzi wenyewe. Siku ukiona askari wamepangwa barabarani, kunja vitu urudi nyumbani. Droni iache kabisa. Hiyo ina vibali vyake vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya Wizara inayohusika na Ulinzi, na karibu na uwanja inaweza kuua watu. Zile redio za kunasa mazungumzo ya marubani zinapendwa sana na wenzetu wa Ulaya, lakini kwa hapa, kijana mwenye redio sikioni na lenzi mkononi karibu na uwanja anajitafutia maswali yasiyo na mwisho.

Sasa tuje kwenye kusimama.

Chukua simu, fungua ramani ya setilaiti, uangalie njia ya kurukia ya Dodoma. Imelala mashariki na magharibi. Ncha zake zina namba, 09 na 27. Namba hizo ukizizidisha kwa kumi unapata takriban nyuzi za dira: ndege inayotumia 09 inaelekea nyuzi 90, mashariki, inayotumia 27 inaelekea nyuzi 270, magharibi. Namba hizo zimeandikwa kwa rangi nyeupe kila mwisho wa njia, na karibu kila uwanja wa lami utakaokwenda duniani utazikuta. Ndiyo hatua ya kwanza ya mpiga picha wa ndege, hata kabla ya kununua kamera.

Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Nasi hapa Dodoma sehemu kubwa ya mwaka upepo unatoka mashariki na kusini-mashariki. Wewe mwenyewe unaujua, ndio huo wa Julai na Agosti unaojaza vumbi masufuria. Maana yake ni kwamba siku nyingi ndege hushuka ikitokea magharibi, upande wa barabara ya Singida, na ikiruka inaelekea mashariki. Ukikaa Nkuhungu uko upande huohuo wa magharibi. Umekwenda kusimama kwenye uzio wa watu wakati ndege zinashuka upande wa kwenu.

Upepo hugeuka, hasa msimu wa mvua, wingu la ngurumo likikaribia. Kuna taarifa za hali ya hewa za viwanja zinazosomeka kwenye intaneti; Dodoma msimbo wake ni HTDO. Ukikuta humo 10012KT, soma hivi: upepo unatoka nyuzi 100, kasi noti 12, basi tegemea ndege kutoka magharibi. Mimi lakini nina chombo kingine. Mahali ninapopendelea kusimama kuna mama anayechoma mahindi kando ya barabara. Nikifika nasalimia, "Mbukwa mama," nanunua hindi, halafu naangalia moshi wa jiko lake. Moshi ukilalia upande wa Singida, nakaa hapohapo. Siku moja ukaanza kulalia upande wa mjini, mama mwenyewe akaniambia, "Leo utakula mahindi bure, ndege yako inapitia kule." Na kweli ilipitia kule. Miaka mingi ya kuchoma mahindi chini ya njia ya ndege imemfundisha jambo ambalo mimi nililisoma vitabuni.

Jua ndilo linalotenganisha picha ya ukumbusho na picha ya kutundika ukutani, na hapa Dodoma lina siri ambayo vitabu vya Ulaya havikuelezi. Kule wanasema simama kusini mwa njia, basi, mwaka mzima, kwa sababu kwao jua la mchana halivuki kwenda kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua la mchana linatupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 5 na karibu na Oktoba 8. Kati ya Machi na Oktoba jua la mchana liko kaskazini yetu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi liko kusini. Njia yetu imelala mashariki-magharibi, kwa hiyo inabidi uhame na msimu. Kiangazi simama mitaa ya kaskazini mwa uwanja ukiangalia kusini, ubavu wa ndege utang'aa. Ukifika msimu wa mvua hamia upande wa mjini, kusini, uangalie kaskazini. Ukisimama upande uleule mwaka mzima, nusu ya mwaka utakuwa unapiga kivuli na kulaumu kamera.

Picha uliyonitumia umesema ni ya wiki mbili zilizopita, nasi sasa tuko Julai. Jengo lililo nyuma ya ndege linaonesha ulikuwa upande wa kusini. Angalia tumbo la ndege lilivyo jeusi. Hukukosea kwenye kamera, ulisimama upande ambao jua halikuwepo.

Asubuhi na jioni hesabu inabadilika, na hapo Nkuhungu inakupa zawadi. Asubuhi jua liko mashariki. Ndege inakuja kutoka magharibi ikiwa imelitazama jua usoni, na wewe ukisimama chini ya njia yake ukiangalia magharibi, jua liko mgongoni kwako. Pua, vioo vya rubani, midomo ya injini, vyote vinawaka. Kwa mwaka mzima sijaona mwanga unaoshinda ule wa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi upande ule. Jioni ukirudi palepale utapata kinyume chake: ndege ni kivuli mbele ya jua linalozama. Basi iache ikupite, geuka, uipige ikiondoka kuelekea uwanjani, mkia umepata rangi ya dhahabu na mji uko mbele yake. Twiga wa Air Tanzania kwenye mkia, kwa mwanga huo, hahitaji kusahihishwa kitu.

Umbali sasa. Watu wengi wanadhani lazima ukae uzioni, na hapo ndipo wanapogombana na walinzi bila sababu. Ndege ya abiria ikishuka kawaida inafuata mteremko wa nyuzi 3. Kwa mteremko huo, kila kilomita moja kutoka pale inapogusa ardhi ni kama mita 52 za kimo. Ukiwa kilomita 2 kutoka hapo, itakupitia juu kwa mita 105 hivi. Kilomita 3, mita 157. Yaani unaweza kuwa mbali kabisa na uzio, kwenye mtaa wa watu, na bado ndege ikawa karibu kuliko jengo refu la mjini lilivyo karibu na wewe. Tena inakuja kwa kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa, hivyo kilomita moja inaisha kwa sekunde kama 15. Jiandae kabla hujaisikia.

Na hapo ndipo lilipo jibu la lenzi ya 600: usinunue. Fanya hesabu hii. Kihisi cha Canon yako, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kama ni ya kundi la kawaida la wanaoanza, kina upana wa milimita 22.3. Ukiivuta lenzi hadi mwisho wake, 250, kitu kilicho umbali wa mita 450 kinaingia kwenye fremu chenye upana wa mita 40. Airbus A220-300 ina urefu wa mita 38.7. Umeelewa? Kwa lenzi uliyonayo, A220 inajaza fremu nzima kutoka mita 450. De Havilland Q400, ile ndege ya mapanga, yenye mita 32.8, inajaza kutoka mita 370 hivi. Ukikaribia zaidi utaanza kuikata mkia. Lenzi ya 600 utaitumia kupiga ndege iliyo mbali sana, na ndege iliyo mbali sana hapa Dodoma unaipiga kupitia hewa inayochemka.

Hilo la hewa linawasumbua wengi. Kuanzia kama saa nne asubuhi lami inapata moto, na juu yake hewa inatetemeka, mazigazi yaleyale unayoyaona barabarani ukiwa kwenye basi la kwenda Manyoni. Ukiielekeza lenzi sambamba na lami, magurudumu yanaonekana kama yameyeyuka, na hakuna bei ya lenzi inayotibu hilo. Dawa ni mbili: kwenda mapema, au kuiangalia ndege ikiwa angani, ambako unapiga kuelekea juu na hewa ni safi zaidi. Ndiyo sababu nyingine ninayokwambia uachane na uzio. Uzioni unapiga kupitia mazigazi. Mtaani unapiga juu.

Joto lina kazi nyingine tena. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na mchana wa Novemba inapopata joto inazidi kuwa nyepesi. Mabawa yanashika kidogo, kwa hiyo ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka na inapanda taratibu. Ukipiga kuruka kwa mchana, sogea mbele zaidi upande wa mashariki kuliko ulivyosimama asubuhi. Lakini upande huo, kando ya barabara ya Dar es Salaam, ndiko lilipo Bunge, na mimi sipigi picha huko. Kuruka nakupiga kutokea ubavuni, mbali, au nakuacha.

Nirudi kwenye picha yako. Ni Q400, ile waliyoanza kuiita pangaboi zilipofika mbili za kwanza za Air Tanzania Septemba 2016. Umeipata kali, herufi zote zinasomeka, hongera. Lakini panga zimeganda. Zimesimama kabisa, kana kwamba injini imezimika na ndege inaning'inia angani. Ulitumia spidi ya shata ya 1/1000, yaani kamera ilipokea mwanga kwa moja ya elfu ya sekunde tu, sivyo?

Tuangalie kinachotokea. Kila injini ya Q400 ina panga sita, kwa hiyo kutoka panga moja hadi lingine ni nyuzi 60. Wakati wa kuruka zinazunguka mara 1,020 kwa dakika, ambayo ni mara 17 kwa sekunde. Katika moja ya elfu ya sekunde panga linasogea nyuzi 6 tu, jicho halioni kama limesogea. Shusha hadi 1/250, linafagia nyuzi 24 na unaanza kuona uhai. Kwa 1/125 linafika nyuzi 49. Kwa 1/100 limefagia nyuzi 61, yaani panga limefika mahali pa mwenzake na unapata duara zima, jepesi kama kioo. Hapo ndege inaonekana inafanya kazi. ATR za Precision Air nazo zina panga sita, zinazunguka haraka zaidi, mara 1,200 kwa dakika wakati wa kuruka, kwa hiyo hata 1/125 inakaribia duara.

Tatizo ni kwamba kwa 1/100 mkono wako lazima uende na ndege bila kutetereka. Hilo halinunuliwi. Panua miguu, viwiko vishikamane na mbavu, zungusha kiuno badala ya mikono, anza kuifuata ndege ikiwa bado mbali, bonyeza huku unaendelea kuifuata, na usisimame baada ya kubonyeza. Jizoeze kwa bodaboda. Kaa kando ya barabara ya mtaani kwenu jioni, zipige zikipita kwa 1/100 hadi uweze kusoma namba huku nyuma yake kumekuwa mistari. Siku ya kwanza utapata moja katika thelathini. Mimi bado sipati zote. Kwa A220 huna shida hii, injini zake zimefunikwa; weka 1/1000 na upumzike.

Kuhusu siku za kwenda, fuata kalenda ya Bunge. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo mji unajaa, ndege nazo zinajaa. Ulinzi pia unaongezeka, kwa hiyo ndiyo miezi ya kuwa mbali na uzio kuliko yote. Kwa ratiba tumia programu kama Flightradar24, ila ndege ikishuka chini sana inaweza kupotea kwenye ramani kabla hujaiona kwa macho. Isikupe hofu, sikiliza tu. Andika kwenye daftari lako namba ya usajili, saa, upande iliotokea na upepo. Ndege zetu zinaanza na 5H. Ukiiona 5H-TCH, itazame karibu: ni A220 ya kwanza ya Air Tanzania, ilifika Desemba 2018, na ilipewa jina la Dodoma. Ndege yenye jina la mji wako ikitua kwenye mji wako, hiyo usiikose. Daftari libaki nyumbani lakini. Andika kwenye simu ukiwa huko, maana yaliyowapata wale wa Kalamata umeyasoma.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu milima. Mlimwa uache, kule kuna makazi ya viongozi. Ule mlima wa mawe unaoitwa Lion Rock, kaskazini-mashariki ya mji, watu wengi huupanda kwa mazoezi na mandhari ni nzuri, lakini ndege inakuwa ndogo kama nzi na mazigazi yanakula kila kitu. Nenda asubuhi tu, jua likiwa mgongoni, upige mji mzima na ndege iwe nukta ndani yake. Usiende peke yako na usiende bila kuwauliza wenyeji wa chini yake. Kinachofaa zaidi ni ghorofa. Mjini kuna hoteli na migahawa yenye baraza za juu; mwone meneja, mweleze, agiza chai na chapati, kaa. Nimepiga picha nzuri nikiwa na kikombe mezani kuliko nilizopata nikiwa nimesimama juani, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali, kwa sababu kila mtu pale alikuwa ananiona.

Mwisho nikwambie kwa nini nataka uanze sasa, na lenzi hiyohiyo uliyonayo. Oktoba 30, 2022 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la uwanja wa kimataifa wa Msalato, kaskazini mwa mji, barabara ya kwenda Kondoa na Arusha. Njia yake ya kurukia ni ya mita 3,600, ya kupokea ndege kubwa ambazo uwanja wa mjini hauwezi. Nimeusubiri kwa hamu kama wewe, na utakapoanza kuutembelea tumia njia ileile: ramani, namba za njia, jua, kisha serikali ya mtaa kabla ya kamera. Kule kutakuwa na nafasi, na uzio utakuwa mbali.

Lakini safari za abiria zikihamia Msalato, kinachotokea Nkuhungu kila siku kitakwisha. Ndege kubwa kupita chini hivi juu ya mabati, watoto wakiinua vichwa, jogoo akinyamaza kidogo halafu akaendelea. Ndege za A220 zimepigwa picha maelfu kwa maelfu duniani, na zitaendelea kupigwa. Ya A220 juu ya mabati ya Nkuhungu hakuna atakayeipiga isipokuwa ninyi mnaokaa hapo. Kwa hiyo usiijaze fremu kila mara. Rudisha lenzi hadi 55, acha nyumba ziingie, acha mti wa mwarobaini uingie, na nguzo ya umeme. Anza kesho asubuhi na ile inayopita juu ya ua wa kwenu, mama akiwa anaanika nguo.